Sauti Mbili Katika Spika Moja

Somo la kidijitali linaweza kuharibika pasipo kosa lolote katika yale linayofundisha. Mchoro uko sahihi, Kiswahili ni fasaha, msimulizi ana sauti inayosikilizika, maswali yamepangwa vizuri. Kisha mwanafunzi anagusa kitufe kabla maelezo ya slaidi hayajaisha, na sauti ya pili inaanza juu ya ile ya kwanza. Kwa sekunde kumi au ishirini maneno yanamiminika kwa pamoja, na hakuna linaloshikika. Ni rahisi mtengenezaji wa somo kuliona jambo hili kuwa hitilafu ndogo, ya kurekebishwa siku za mwisho muda ukiruhusu. Mimi naliona vingine kabisa. Kuamua sauti ipi iseme, ipi isubiri na ipi inyamaze ni sehemu ya kazi ya kufundisha, sawa na kuamua mfano upi utangulie, na uamuzi huo ukikosa mwenyewe, wanaoumia zaidi ni wanafunzi wa mahali kama Mwamkulu.

Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, inayojulikana kwa kilimo cha mpunga. Mkoa wenyewe bado mchanga: ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,152,958. Watu wamezidi maradufu ndani ya miaka kumi, wengi wakiwa wakulima na wafugaji waliohamia kutafuta ardhi, na Wasukuma ni sehemu kubwa ya wahamiaji hao. Ni vigumu kwa mkoa wowote kujenga madarasa na kupata walimu kwa kasi hiyo bila kutafuta msaada mwingine, na vifaa vya kidijitali ni mmoja wa misaada inayotegemewa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mtandaoni mfumo wa kujisomea unaotumika katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yale ambayo walimu huyaita MEWAKA kwa kifupi. Programu ya Shule Bora, inayogharamiwa na Uingereza, inafanya kazi katika mikoa tisa ya Tanzania Bara, na Katavi ni mmojawapo. Kwa hiyo somo la slaidi zenye sauti si jambo la Dar es Salaam peke yake. Laweza kufunguliwa kesho asubuhi Mwamkulu, kwenye kishikwambi kimoja kilichozungukwa na watoto saba.

Kwanza tuone jinsi sauti zinavyogongana, maana ni rahisi kudhani kifaa ni kibovu. Video ina mstari mmoja wa muda: sauti na picha vinakwenda pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji hana la kufanya ila kutazama au kusimamisha. Slaidi shirikishi haiko hivyo. Ni mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja kinaweza kubeba sauti yake: maelezo yanayoanza pindi slaidi inapofunguka, picha inayojitaja ikiguswa, kitufe chenye mlio, kidirisha cha ufafanuzi kinachotokea juu ya slaidi kikiwa na msimulizi wake. Katika programu ya kutengenezea masomo kama Articulate Storyline, kidirisha hicho ni tabaka linalolazwa juu ya slaidi ya msingi, na kila tabaka lina saa yake. La juu likifunguka, saa ya chini huendelea kutembea isipokuwa mtengenezaji ameagiza isimame. Kwa macho, slaidi ya kwanza imefunikwa. Kwa masikio, bado ipo. Somo lililoandikwa kama ukurasa wa tovuti lina hatari hiyohiyo. Kivinjari hucheza sauti nyingi kadiri zinavyoitwa, na kama mwandishi wa programu ameagiza kila mguso uzae sauti mpya, mtoto aliyegusa picha ya simba mara nne atasikia simba wanne wakipishana kwa nusu sekunde.

Simu yenyewe ina utaratibu wa zamu, lakini hautoshi. Kwenye Android, programu inayotaka kutoa sauti huomba nafasi, na iliyokuwa ikisikika hutarajiwa kunyamaza au kujishusha. Ndiyo sababu muziki hukatika mtu anapopigiwa. Zamu hiyo, hata hivyo, ni ya programu na programu. Yanayotokea ndani ya somo moja, baina ya maelezo ya slaidi na maelezo ya kitufe, mfumo wa simu hauyajui wala hauyaamulii. Hapo mwamuzi ni mtengenezaji wa somo peke yake.

Kwa nini mgongano huo uharibu kiasi hicho, ilhali sokoni tunasikilizana katikati ya makelele? Swali hilo lilimshughulisha mwanasayansi Colin Cherry wa Uingereza, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1953. Katika jaribio la kwanza, wasikilizaji walipewa jumbe mbili zilizosomwa na mtu mmoja na kuchanganywa katika mkanda mmoja, wakatakiwa kuchambua mmoja na kuuacha mwingine. Waliruhusiwa kurudia mkanda mara nyingi, na bado waliona taabu kubwa. Kisha akatenganisha: ujumbe mmoja sikio la kulia, mwingine la kushoto. Taabu ikayeyuka. Lakini likaonekana jambo jingine: aliyefuatilia sikio moja karibu hakupata chochote cha sikio la pili. Alitambua sauti ya mwanamume ikibadilika kuwa ya mwanamke, ila lugha ilipogeuzwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hakugundua. Tunapata hapo mambo mawili. Masikio hutenganisha sauti kwa kutumia upande zinakotoka na tabia ya kila sauti. Na hata zikitenganishwa, akili hufuata mkondo mmoja wa maneno kwa wakati mmoja.

Sasa tazama kishikwambi. Sokoni muuza nyanya yuko kushoto, kondakta yuko nyuma, na kila mmoja ana koo lake. Kwenye kishikwambi sauti zote mbili zinatoka katika tundu lilelile la spika, zimerekodiwa kwa maikrofoni moja, zina ukubwa uleule, na mara nyingi ni za msimulizi yuleyule, kwa kuwa mradi uliajiri mmoja tu. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa ngumu kuliko nyingine katika majaribio ya Cherry, na majaribio ya Douglas Brungart, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001, yaliithibitisha: maneno ya mtu mmoja yakipandana na maneno yake mwenyewe hupotea kuliko yakipandana na maneno ya mtu mwingine, hasa wa jinsia nyingine. Ndiyo maana sikubaliani na anayelinganisha tatizo hili na kelele za kawaida za darasani. Mvua juu ya bati huifunika sauti kwa nguvu yake, lakini haisemi kitu. Sauti ya pili ya somo inasema, kwa Kiswahili kilekile, juu ya mada ileile, na akili haina mahali pa kushika ili iikatae.

Mtu mzima aliyekulia katika Kiswahili hujaziliza neno lililopotea kutokana na maneno yaliyo jirani. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kisukuma hana akiba hiyo. Tafiti za usikivu zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba uwezo wa kuchambua maneno katikati ya kelele hukua polepole hadi ujanani, na kwamba anayesikiliza lugha ya pili huanza kupotea mapema kuliko mzawa wa lugha hiyo. Na mtoto huyo ndiye hasa ambaye masomo ya sauti yanadai kumsaidia, kwa sababu bado hajui kusoma maandishi ambayo yangemwokoa sauti ikivurugika.

Tunao ushahidi wa nyumbani kuhusu uzito wa sauti katika masomo ya aina hii. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililofadhiliwa na Elon Musk, lilizipima programu tano za Kiswahili mkoani Tanga kuanzia mwishoni mwa 2017 kwa muda wa miezi 15. Zaidi ya watoto 2,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila kufundishwa na mwalimu. Kabla ya jaribio, watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada yake kundi hilo lilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Sisemi kwamba kishikwambi kinamtosha mtoto badala ya mwalimu. Nusu iliyobaki bila kusoma inatosha kunizuia. Ninachosema ni kwamba kwa mtoto asiyejua herufi, maelekezo humfikia kwa sauti kabla ya njia nyingine. Ikivurugika, hawezi kurudi kwenye maandishi, na hakuna wa kumuuliza.

Nchi yetu ilikuwa na uzoefu wa zamu za sauti kabla ya vishikwambi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na mazungumzo ya kikundi yalianza matangazo yalipomalizika. Baadaye likaja somo la redio shirikishi, mbinu iliyoanzia Nikaragua katika miaka ya 1970 kwa hesabu, ikatumika Kenya kati ya 1980 na 1985 kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini, na kufika Zanzibar kuanzia 2006 katika vipindi vya Tucheze Tujifunze. Katika vipindi hivyo mtangazaji huuliza swali kisha hunyamaza kwa sekunde zilizopimwa, watoto wajibu kwa sauti, ndipo aendelee. Ukimya umeandikwa kwenye muswada kama yalivyoandikwa maneno. Redio haiwezi kusikia mtoto wala haijui kama amejibu, kwa hiyo waandaaji walilazimika kufikiria zamu ya kila mmoja kabla ya kurekodi. Slaidi inaweza kujua mtoto amegusa wapi na lini. Ina uwezo mkubwa kuliko redio, na inasikitisha kuona mara nyingi inaandaliwa kwa uangalifu mdogo zaidi.

Kwa upande wa zana, njia ni tatu: kusimamisha sauti kabisa, kuisitisha ili iendelee baadaye, au kuishusha ikae chini ya nyingine. Ugumu uko katika kuchagua. Mwanafunzi akihamia slaidi nyingine, sauti ya nyuma isimame kabisa; katika somo la kilimo, hakuna sababu ya maelezo ya kitalu cha mpunga kumfuata mtu aliyekwisha fika kwenye kupandikiza. Akifungua ufafanuzi wa neno katikati ya maelezo, maelezo yasitishwe, na akifunga ufafanuzi yaendelee, ila yarudi mwanzo wa sentensi iliyokatwa. Programu nyingi huendelea pale pale zilipokatwa, katikati ya neno, na msikilizaji hupokea mkia wa sentensi asiyokumbuka kichwa chake. Milio ya vitufe na sauti za mazingira, kama ndege au maji ya mfereji, zishushwe au ziondolewe. Kanuni ninayoitetea ni kwamba mguso wa mwisho ushinde, kwa sababu kidole kinaonyesha umakini wa mwanafunzi umehamia wapi, na kumsomesha mtu jambo aliloliacha ni kupoteza sauti. Naweka hali moja ya pekee: maelekezo ya usalama, kama kipimo cha dawa ya kuua magugu, yana haki ya kumaliza sentensi yake kabla kitufe hakijafanya kazi. Na kwa anayeandika programu mwenyewe, utaratibu ulio salama kuliko kuicheza kila sauti peke yake ni kuzipitisha zote kwenye kichezeshi kimoja, ili inayoingia iitoe iliyomo.

Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kufunga vitufe vyote hadi msimulizi amalize. Ni suluhisho rahisi na linafanya kazi: sauti hazigongani kamwe. Wana hoja pia, kwamba mwanafunzi akiachiwa ataruka maelezo ya lazima. Lakini Richard Mayer na Paul Chandler, katika utafiti wao wa 2001, waliwafundisha wanafunzi jinsi radi inavyotokea, kundi moja likipokea maelezo mfululizo na jingine likipokea vipande vifupi na kuamua lenyewe lini liendelee. Waliojiamulia mwendo walifanya vizuri zaidi katika kutumia walichojifunza. Kufunga vitufe kunaondoa uhuru huo, na kunamlazimisha mwalimu aliyekuja kurudia kipengele kimoja asikilize dakika tano za mambo anayoyajua. Akishika kifaa chenye chaji ya robo, ataacha somo zima. Anayehofia wanafunzi kuruka maelezo na ayakate vipande vya nusu dakika. Yakiwa mafupi, wachache watakuwa na sababu ya kuyakimbia.

Pingamizi la pili linahusu muziki. Inasemwa kwamba vijana wamezoea sauti nyingi kwa pamoja, na kwamba somo lisilo na muziki linachosha. Roxana Moreno na Mayer walilipima hilo mwaka 2000: waliosikia maelezo yakiwa na muziki nyuma yake walikumbuka na kuelewa pungufu kuliko waliosikia maelezo matupu. Kuzoea kelele hakumaanishi kujifunza ndani yake. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, iliyotolewa na shirika la W3C mwaka 2008, inataka katika kiwango chake cha juu sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20, kiasi ambacho sikio hukipokea kama utulivu wa takribani mara nne. Miongozo hiyohiyo inataka sauti yoyote inayojianza na kuzidi sekunde tatu iwe na njia ya kuisimamisha, na sababu yake kuu ni watu wasioona. Mwanafunzi asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini inayomtajia vitufe kwa sauti. Msimulizi wa somo akianza kuongea bila kuombwa, programu hiyo haisikiki, na mwanafunzi hawezi kukipata hata kitufe cha kumnyamazisha msimulizi.

Wapo pia wanaoshauri kuachana na sauti na kuweka maandishi, au kununua hedifoni. Kwa walimu walio kwenye MEWAKA maandishi yanafaa sana na yawepo kila mara, kwa sababu yanatumia bando dogo na hayasumbui chumba cha jirani. Lakini mtoto asiyesoma hayamsaidii. Hedifoni huzuia makelele ya nje. Lakini sauti mbili zinazozaliwa ndani ya somo huingia zote mbili hadi kwenye ngoma ya sikio. Isitoshe, kishikwambi cha watoto saba hakiwezi kuwa na hedifoni moja.

Kuna aina ya mgongano ambayo mtengenezaji aliye mjini huenda asiione kabisa, na kwangu ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Mtandao ukisuasua, mwanafunzi hugusa kitufe na hapati jibu. Hugusa tena. Hungoja, kisha hugusa kitufe kingine akidhani cha kwanza kimekufa. Sauti zote tatu zilikuwa njiani, na zikifika hulia kwa pamoja. Katika ofisi yenye mtandao wa kasi sauti hutoka papo hapo, hivyo kosa halijitokezi hata somo likijaribiwa mara mia. Tiba yake inajulikana: kitufe kionyeshe kuwa kimepokea mguso, ombi jipya lifute la zamani, na somo lote lipakuliwe kabla ya kuanza ili sauti zikae ndani ya kifaa. Lakini tiba hutolewa baada ya ugonjwa kuonekana, na huu hauonekani pasipo simu ya bei nafuu, mtandao hafifu na mtumiaji asiye na subira ya mhandisi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la vipaumbele. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli. Shule zinahitaji madawati, vyoo na walimu. Kuzungumzia sauti zinazopandana kunaweza kuonekana anasa. Nalikubali nusu. Kama fedha ni za darasa au za slaidi, ziende kwenye darasa. Lakini slaidi zinatengenezwa tayari na fedha zake zinatumika tayari. Palipo na vifaa vingi, mwanafunzi aliyepotewa na maelezo hurudia tu. Pale ambapo kifaa ni kimoja na chaji inahesabiwa, kila dakika ya kurudia inakatwa kwenye zamu ya mtoto anayesubiri, na mara nyingi ni mtoto wa mwisho anayeikosa. Kadiri kifaa kinavyokuwa adimu, ndivyo kosa hili linavyogharimu zaidi.

Marekebisho yenyewe ni nafuu mno: mara nyingi ni kisanduku kimoja cha kuweka alama katika mipangilio ya tabaka, au mistari michache ya programu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyadai. Taasisi ya Elimu, halmashauri na wafadhili hupokea masomo yakiwa yamekamilika, na hapo ndipo pa kuweka sharti. Kabla somo halijalipiwa, lipelekwe kwenye shule ya kata isiyo na mtandao mzuri, lifunguliwe kwenye kishikwambi cha mwalimu, na watoto waachwe waguse kila kitu kwa mpangilio wautakao, haraka kadiri wapendavyo. Mtengenezaji akae pembeni bila kuelekeza, aandike kila mahali sauti mbili ziliposikika pamoja. Orodha hiyo ikibaki na kitu, somo lirudi kwake.